Regulata ya maji baridi: pistoni au kiwambo, moja ya bei kali au mbili za kawaida?

Aliyejifunza kupiga mbizi Mnemba, Mafia au Watamu amezoea bahari ya nyuzi 25 hadi 30, na huko regulata yoyote iliyo nzima, kile kifaa kinachoshusha presha ya hewa ya mtungi ili aivute mdomoni, humpa hewa bila matata. Akihamia Oslo, Munich au Toronto, au akikata tiketi kwenda kuuona ufa wa Silfra kule Iceland ambako maji hukaa kati ya nyuzi 2 na 4 mwaka mzima, regulata ileile inaweza kumgandia mdomoni kabla hajafika hata robo ya safari. Inaweza kuwa mpya na imetoka kwa fundi jana. Kama haikuundwa kwa maji hayo, itaganda tu. Na kwa kuitazama kwa nje dukani ni vigumu kutofautisha hii na ile.

Tunalinganisha hapa regulata za maji yaliyo chini ya nyuzi 10, kwa kuwa hapo ndipo kiwango cha Ulaya, EN 250, kinapoweka mpaka. Msimamo wetu tunautaja mapema ili usome ukiujua: kwa pesa ileile, regulata mbili za daraja la kati zenye kiwambo kilichozibwa (utando wa mpira uliofungiwa maji yasiingie, tutaueleza chini), kila moja kwenye vali yake, zinakulinda kuliko moja ya kifahari.

Baridi inatoka wapi

Hewa ya mtungi uliojaa ina presha ya bar 200, au 232, au 300. Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, huishusha hadi bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, humalizia kuishusha hadi presha ya pale ulipo. Hewa ikitanuka ghafla hupoteza joto. Kushuka kutoka bar 200 kunaipunguzia nyuzi 30 na zaidi, kwa hiyo ndani ya ziwa la nyuzi 4, hewa inayotoka kwenye tundu la hatua ya kwanza iko mbali sana chini ya sifuri.

Wanunuzi wengi hupotea hapa. Wanadhani maji ndiyo yanayoigandisha regulata, kumbe kwa shaba iliyopoa hadi chini ya sifuri, maji ya nyuzi 4 ni jiko. Joto lote linaloiokoa linatoka kwenye maji hayo. Ndiyo maana regulata nzuri ya baridi hufanya mambo mawili yanayovutana: huyaacha maji yaguse mwili wake kwa eneo kubwa ili yaupashe, na huyazuia yasifike kwenye springi na sehemu zinazocheza, maana yakifika huko yataganda.

Presha ya mtungi ikishuka, baridi hupungua. Mtungi wa bar 60 haupoi kama wa bar 220. Kwa hiyo dakika za mwanzo, mtungi umejaa, unashuka haraka, unabonyeza hewa kwenye suti kavu (ile isiyoingiza maji) na kwenye jaketi la kuelea huku pumzi imekwenda mbio kwa ubaridi wa uso, ndizo dakika mbaya kuliko zote.

Kuna kuganda kwa aina tatu, na kila aina ina dawa yake.

La kwanza ni barafu ya nje kwenye hatua ya kwanza. Maji yaliyoizunguka springi huganda, pistoni au kiwambo hushindwa kurudi kufunga, presha ya kati, yaani ya hewa iliyo kati ya hatua ya kwanza na ya pili, hupanda kutoka bar 9 hadi 12, 14 na kuendelea, na hatua ya pili huanza kububujika hewa yenyewe kwa kuwa haiwezi kuizuia tena. Hewa inapobubujika ndivyo upoaji unavyozidi, na unavyozidi ndivyo barafu inavyokaza. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una hewa lita 2,400. Unaweza kumalizika kwa dakika chache tu.

La pili ni barafu ya ndani: unyevu uliokuja na hewa yenyewe kutoka kwenye kompresa huganda kwenye kiti cha vali, pale vali inapokaa ikijifunga. Hapa hakuna regulata itakayokuokoa, dawa ni hewa kavu. Kiwango cha EN 12021 kinaruhusu unyevu usiozidi miligramu 50 kwa kila mita ya ujazo kwa mitungi ya hadi bar 200, na 35 kwa presha zaidi ya hapo. Uliza kituo chako kinabadilisha filta lini. Wakikujibu kwa kubabaika, jaza kwingine.

La tatu ni hatua ya pili kuganda. Pumzi yako ina mvuke, na mvuke huo hutua kwenye mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na kiwambo cha mdomoni. Hewa ya chini ya sifuri inapita hapohapo kila unapovuta. Tone moja likiganda chini ya mkono huo, haurudi wote, na vali inabaki wazi kwa unene wa ukucha. Dalili zake ujifunze kuzisikia: mluzi mwembamba unaoendelea baada ya kuacha kuvuta, na chembe za barafu ulimini kama chumvi ya mawe. Ukizihisi, punguza kasi, anza kupanda polepole, wala usingoje.

Hatua ya kwanza: pistoni na kiwambo

Pistoni iliyo wazi ndiyo rahisi kuliko zote. Kipande kimoja kinachocheza, springi, oringi (pete za mpira za kuziba) chache, na maji yanaingia moja kwa moja kwenye springi kupitia matundu ya pembeni. Kwa Bahari ya Hindi ni chaguo zuri kabisa: vipande vichache, fundi anaifungua na kuifunga upesi, na hewa inatoka kwa wingi. Kwenye ziwa la nyuzi 4, matundu yaleyale ndiyo mlango wa barafu. Usiipeleke.

Watengenezaji wa pistoni wamejaribu njia tatu kuepuka hilo. Wengine hujaza chumba cha springi kwa grisi ya silikoni na kukizungushia mkanda wa mpira. Inafanya kazi vizuri mradi grisi imejaa. Ikipungua, maji huchukua nafasi yake na hutajua mpaka siku ya kuganda. Sherwood hutumia ujanja mwingine, huvujisha hewa kavu kidogo makusudi ndani ya chumba hicho ili maji yasiingie kamwe. Vipovu vidogo vinavyotoka kila baada ya muda huwashtua wanaoiona mara ya kwanza, lakini hivyo ndivyo ilivyoundwa. Wanasayansi wa mpango wa Marekani huko Antaktika walizama kwa miaka mingi na Sherwood Maximus kwenye maji ya nyuzi 1.8 chini ya sifuri, kwa hiyo njia hii imepimwa mahali pagumu. Wao pia walibeba regulata mbili kila mmoja, kwenye vali yenye midomo miwili.

Njia ya tatu ni ya Scubapro kwenye MK25 EVO: chumba bado kiko wazi kwa maji, ila springi na sehemu za jirani zimetengwa na baridi ya pistoni kwa vipande visivyopitisha joto, na mwili una mbavu nyingi za kukusanya joto la maji. Hewa inayotoa ni nyingi ajabu, na kwa bahari ya nyuzi 8 mtu hataona kasoro. Kwa ziwa la nyuzi 3 au 4, kwa maoni yetu, bado ni chaguo la pili nyuma ya kiwambo kilichozibwa, kwa sababu rahisi: maji yapo pale, na pasipo maji hapana barafu.

Kiwambo hufanya kazi kama ngoma. Utando mzito wa mpira umetenganisha springi upande mmoja na hewa upande mwingine, kwa hiyo maji hayafiki kamwe kwenye kiti cha vali. Hata hivyo, kama springi yenyewe imeachwa ndani ya maji, inaweza kuganda. Ndiyo maana toleo la maji baridi huongezewa kiwambo cha pili kwa nje, na kati ya viwili hivyo kuna chumba kikavu chenye kijiti kinachosukuma presha ya maji kutoka cha nje hadi cha ndani. Hiki ndicho tunachokiita kiwambo kilichozibwa. Springi inakaa kavu maisha yake yote. Chumvi, mchanga na matope navyo haviingii, faida ambayo hata mtu wa Pemba ataifurahia.

Gharama yake ni vipande vingi zaidi, huduma ya bei zaidi, na wingi wa hewa ambao kwenye karatasi za maabara huwa chini kidogo ya pistoni kubwa. Tofauti hiyo huisikii hadi ushuke sana ukiwa unahema.

Mifano ya madukani

Apeks, wa Blackburn huko Uingereza, wamejenga jina lao juu ya viwambo vilivyozibwa. XL4 yao ni nyepesi, imeundwa kwa kulenga maji baridi, na ina kipashio cha joto kinachoonekana pale hozi inapoingia kwenye hatua ya pili. Hatua yake ya kwanza ina matundu manne ya presha ya kati na moja tu la presha kubwa, ile ya mtungi. Linatosha kwa geji ya kuonyesha hewa iliyobaki. Ukitaka na kisambaza taarifa cha kompyuta ya mkononi, tafuta mfano wenye mawili. Ndugu zake wa familia ya XTX ni wazito zaidi na wana nafasi zaidi za kupanga hozi. MTX-R ndiyo waliyoitengeneza wakilenga masharti makali ya jeshi la majini la Marekani. Ni imara kweli, na kwa wengi wetu inazidi mahitaji.

Scubapro MK17 EVO ni mpinzani wa moja kwa moja: kiwambo, chumba kikavu, matundu manne ya presha ya kati na mawili ya presha kubwa. MK19 EVO ni uhai uleule ndani ya mwili wenye kichwa kinachozunguka na tundu la tano. Kwa anayebeba mitungi miwili mgongoni, kichwa kinachozunguka humrahisishia kulaza hozi zake. Kwa mtungi mmoja wenye midomo miwili, MK17 inatosha, na kinachobaki weka kwenye ya pili.

Kati ya Apeks na MK17, usikeshe ukisoma takwimu. Angalia fundi wa mji wako anahudumia ipi na vipuri vyake vinafika kwa siku ngapi. Regulata bora isiyo na fundi ndani ya kilomita 300 itakuwa regulata iliyopitwa na huduma baada ya miaka mitatu.

Poseidon wa Uswidi wana historia ndefu kuliko wote katika maji ya kaskazini. Cyklon yao ilitoka 1958. Jetstream na Xstream zao zina hatua ya pili ya aina ya pekee: vali ndogo ya msaidizi huifungua kubwa, na kubwa hufunguka kinyume na mkondo wa hewa. Kuvuta ni kwepesi sana. Lakini hapa pana jambo la kuliweka akilini. Kwa hatua ya pili ya kawaida, presha ya kati ikipanda, vali husukumwa wazi na hewa ya ziada hutokea mdomoni. Ni kelele, lakini ni usalama. Kwa hii ya Poseidon, presha ikipanda vali hukaza kufungwa. Lazima basi pawe na vali ya kupunguza presha mahali fulani kwenye mfumo, la sivyo hozi itapasuka. Wao wameiweka. Anayeichukua hatua hiyo ya pili na kuifunga kwenye hatua ya kwanza ya kampuni nyingine bila vali hiyo amejitegea bomu. Nunua seti nzima au usinunue.

Hatua ya pili: chuma au plastiki

Plastiki ni nyepesi, haichoshi taya, na ni rahisi. Chuma hupitisha joto la maji hadi ndani, kwenye ule mkono mdogo unaoganda. Chuma pia hukusanya unyevu wa pumzi, kwa hiyo koo halikauki haraka. Kwa maji chini ya nyuzi 6 tunapendelea chuma, au angalau plastiki yenye bomba la ndani la shaba na kipashio chenye mbavu kwa nje. Hatua ya pili ya plastiki tupu, isiyo na kipashio chochote, iache kwa maji ya joto hata kama hatua yake ya kwanza imezibwa vizuri.

Titani inauzwa kwa bei kubwa na watu huichukulia kuwa bora kwa kila kitu. Kwa baridi sivyo. Shaba ya njano hupitisha joto zaidi ya mara tano kuliko titani, na kazi unayoitaka hapa ni kupitisha joto. Shaba iliyopakwa kromu, nzito na ya zamani, ndiyo inayofaa. Titani ina sifa yake ya kutoliwa na chumvi na kuwa nyepesi kwenye begi la ndege. Kama safari zako zote ni za bahari ya joto, hiyo ni sifa ya kweli.

Vishikio viwili vya pembeni pia vina maana. Kile cha kuzungusha huongeza ugumu wa kuvuta. Kile cha kulaza, cha venturi, huamua hewa inavyokimbia ikishaanza. Ukiingia majini viwe upande wa ugumu, kwa sababu kishindo cha kuruka kinaweza kuianzisha hewa ibubujike kabla hujafika hata mita moja. Kwa hiyo hatua ya pili ya akiba isiyo na kishikio chochote, ile ya rangi ya njano inayouzwa kama nyongeza ya bei ndogo, haitufurahishi kwa maji baridi. Fundi akuwekee pia presha ya kati upande wa chini wa kile kipimo alichoruhusu mtengenezaji, na ugumu wa kuvuta uongezwe kidogo. Utapoteza wepesi kidogo tu, na utapata regulata isiyovuja.

Soma chapa kabla ya kusoma bei

Regulata iliyokusudiwa maji ya joto tu huandikwa kwenye mwili wake alama ya zaidi ya nyuzi 10, ">10°C", kando ya EN 250. Ukiiona, rudisha kwenye kabati. Isipokuwapo, maana yake imepita jaribio la maji baridi: maji ya nyuzi 4 au chini, kina cha mita 50, mashine ikivuta lita 62.5 kwa dakika, yaani pumzi 25 za lita 2.5, kwa dakika tano. Jaribio ni gumu, lakini ni la dakika tano. Wewe utakaa arobaini. Ichukulie chapa hiyo kama mlango wa kuingilia kwenye orodha yako, halafu endelea kuchuja.

Kuna mstari mwingine kwenye vijitabu vya watengenezaji ambao watu huuruka. Wengi wanaandika kwamba seti moja ikitumiwa na watu wawili kwa pamoja, isitumike zaidi ya mita 30 wala katika maji ya chini ya nyuzi 10. Maana yake ni kwamba ule mpango uliofundishwa Nungwi, wa kumpa mwenzako hatua ya pili ya akiba iliyo kwenye hatua ya kwanza ileile, hauna dhamana katika ziwa la nyuzi 4. Piga hesabu uone sababu. Mtu aliyetulia huvuta lita 15 kwa dakika juu ya maji. Kwa mita 30 presha ni bar 4, kwa hiyo lita 60. Mwenye hofu huvuta 40, inakuwa 160. Wawili wenye hofu ni 320, zote kupitia tundu moja, na mmoja wao akibonyeza suti kavu wakati huohuo, barafu haichelewi.

Moja au mbili

Hapo ndipo tunaposimama kwenye maneno tuliyoanza nayo. Katika nchi kama Ujerumani, wapiga mbizi wa maziwa hutumia mtungi wenye vali ya midomo miwili, kila mdomo na kishikio chake, na kila mdomo na regulata kamili. Ya kwanza ikibubujika, unachukua ya pili, unafunga vali ya iliyoganda, na hewa iliyobaki ni yako. Kwa regulata moja, hata iwe ya bei gani, ukifunga vali umejifungia hewa yote.

Jinsi ya kuzigawa hozi: regulata moja ibebe hatua ya pili ya mdomoni na hozi ya jaketi; nyingine ibebe hatua ya pili ya akiba, hozi ya suti kavu na geji. Wapo wanaozigeuza, na hatuoni ubaya, mradi jaketi na suti visikae upande mmoja. Ukilazimika kufunga upande wowote, bado unabaki na njia moja ya kuelea. Geji ikae kwenye upande ambao hutarajii kuufunga. Bonyeza kwa sekunde moja moja, na usibonyeze huku unavuta pumzi kutoka upande uleule.

Faida hii haipo kama mkono hauifikii vali. Kabla ya msimu, vaa suti kavu na glavu zako zote, simama kwenye maji ya kifuani, na ufunge kila vali mwenyewe mara kadhaa. Ukishindwa, legeza mikanda ya mgongoni na uinue mtungi sentimita chache, au mwenzako ajifunze kukufungia. Kishikio hufungwa kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Mkono uliokufa ganzi unasahau hata hilo, kwa hiyo ufundishwe ukiwa bado na joto.

Kuhusu kufunga kwenye mtungi, chagua nyuzi za DIN, zinazokazwa ndani ya vali kama skrubu, badala ya kibano kinachoishika vali kwa nje. Oringi ya DIN imejifungia ndani ya mdomo wa vali na haichomoki kwa kugongwa. Kibano kinatosha hadi bar 232 na ndicho utakachokikuta sehemu nyingi za pwani yetu, basi beba kigeuzi cha kibano ukija likizo, ingawa ni kikubwa na huisogeza hatua ya kwanza karibu na kisogo. Kigeuzi cha upande wa pili, cha kuipeleka regulata ya kibano kwenye mitungi ya kaskazini, ni kidogo na hukazwa ndani ya mdomo wa vali, lakini unabaki na udhaifu uleule wa kibano. Hatukipendekezi.

Ziwa, bahari, na msimu unaodanganya

Maji matamu huganda kwa nyuzi 0, ya bahari kwa kama nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ndogo inafanya ziwa kuwa mtihani mkubwa kuliko ghuba za Norwei, ingawa kipimajoto kinasoma karibu sawa. Halafu usidanganywe na Julai. Maji matamu huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo hutuama chini. Juu ya ziwa la milimani unaweza kuogelea kwenye nyuzi 20, ukapita mita 10 au 15, na ghafla uso ukachomwa na nyuzi 5. Regulata ya kiangazi ya mtu huyo ni ileile ya Januari.

Kwa hiyo: unayekwenda Silfra mara moja maishani, kodi. Kina kinachoruhusiwa ni mita 18, waongozaji wanayajua maji yao, na fedha yako itafanya kazi zaidi kwenye mafunzo ya suti kavu. Unayeishi kaskazini na unazama kila mwezi, nunua MK17 mbili au XL4 mbili, na vali ya midomo miwili. Unayezama bahari ya nyuzi 8 hadi 10 tu, bila ziwa, moja iliyozibwa yenye hatua ya pili ya chuma itakuanzia vizuri, ya pili ifuate mwaka ujao. Hadi hapo usishuke zaidi ya mita 20, na kaa karibu na mwenzako. Na unayegawa maisha kati ya Ulaya na Zanzibar, kiwambo kilichozibwa kinafaa kote kuwili. Pistoni iliyo wazi ina upande mmoja tu.

Hata iliyo bora ina masharti yake kwenye ukingo wa maji. Isafiri ndani ya gari lenye joto, ikiwa kavu. Usiivute wala usibonyeze kitufe cha kupuliza hewa kipimajoto kinaposoma chini ya sifuri huko nje. Pumzi yako itaacha mvuke ndani na utakuwa umeitengenezea barafu kabla ya kuingia. Ijaribu ukiwa umezamisha uso. Kati ya mbizi moja na nyingine, ipukute maji na uirudishe garini.

Kama unanunua iliyotumika

Fundi awe na geji ya presha ya kati. Ifungeni kwenye hozi ya jaketi, fungua mtungi uliojaa, somo liwe bar 9 hadi 10. Bonyeza kupuliza mara kumi. Sindano irudi palepale kila mara na isimame. Ikiendelea kutambaa juu, hata polepole, kiti cha vali kimekwisha, na hiyo ni regulata itakayobubujika kwenye baridi hata kabla ya barafu.

Kisha, mtungi ukiwa umefungwa na kifuniko cha vumbi kikiwa mahali pake, vuta mdomoni. Hewa isiingie hata kidogo. Ikiingia, kiwambo au vali ya kutolea pumzi inapitisha, na pale panapopita hewa ndipo maji yatakapopita kwenda kutua kwenye ule mkono mdogo. Uliza tarehe ya huduma ya mwisho. Watengenezaji wengi hutaka ukaguzi kila mwaka, na kufunguliwa yote kila miaka miwili au mbizi 100.

Mwisho angalia kiwambo cha nje cha hatua ya kwanza. Kimulike kwa tochi, kibonyeze polepole kwa kidole. Kiwe laini, kisicho na ufa, kikae sawa bila kuvimba. Kikiwa kimetumbukia upande mmoja au kinatoa unyevu pembeni, chumba kikavu kimeshaingiwa na maji. Muuzaji apunguze gharama ya huduma kamili kwenye bei, au uiache hapo mezani.